Sura ya Tisa: Upande wa Asubuhi, Upande wa Jioni

Kwelea kwelea ana saa zake. Huingia shambani alfajiri, mara tu mwanga unapotosha kuliona suke, akala hadi jua linapoanza kuchoma, kisha kundi zima likahamia kwenye matete na miti ya kando ya maji kupumzika. Alasiri hurudi, na mara hii hula kwa pupa kwa sababu giza linakaribia. Ndege mmoja humaliza takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Ni kiasi kidogo mpaka uone kundi lenyewe likigeuka hewani juu ya jaruba lako. Kwa hiyo katika bonde la Kilombero, tangu mpunga unapotoa masuke hadi siku ya kuvuna, kila familia inahitaji mtu juu ya dungu, jukwaa la kulindia shamba, asubuhi na mtu juu ya dungu jioni. Kazi hiyo huitwa kuamia ndege, na mara nyingi anayeifanya ni kijana wa nyumba.

Sura hii inahusu nyimbo zinazomsindikiza kijana huyo: nani anamchagulia, anazipanga vipi, na anamwambia nini kwa kuzipanga hivyo.

Ukipita njia ya kutoka Ifakara kwenda Mlimba mwezi wa Mei au Juni, ukashuka Mngeta au Chita na kuingia mashambani kwa miguu, utayasikia madungu kabla ya kuyaona. Kwenye nguzo hutundikwa redio ndogo yenye tochi ubavuni, tundu la flashi, tundu la memori kadi, na waya unaokwenda kwenye paneli ya sola yenye ukubwa wa daftari. Karibu na mji redio hiyo huishika vizuri Pambazuko FM ya Ifakara. Ukizidi kuingia bondeni mawimbi hulegea, mtandao wa simu huja na kuondoka, na bando ni hela ambayo wengi huona afadhali inunue sukari. Kinachobaki ni kadi. Kwa mtu wa dungu, kadi ndiyo stesheni yake.

Kadi nyingi hujazwa kibandani, kwa kijana mwenye kompyuta jirani na stendi au soko. Atakuuliza kama unataka za zamani au za sasa, na kama ajaze yote. Kadi ya gigabaiti 4 hubeba nyimbo zipatazo 1,000 za dakika nne nne, basi anahamisha folda nzima, wewe unalipa, unarudi shamba na zaidi ya saa sitini za muziki. Vijana hawa nawaheshimu. Wamefikisha nyimbo mahali ambapo hakuna duka la muziki lililowahi kufika. Ila kadi yao haimjui atakayeisikiliza. Ninayotaka kuieleza ni ile inayojazwa na ndugu.

Binti wa dada yangu anasoma sekondari. Wakati wa masomo hukaa na bibi yake Ifakara mjini, wazazi wake wakiwa shamba. Ndivyo familia nyingi za bonde zinavyoishi, zimegawanyika miezi kadhaa ya mwaka kati ya nyumba ya mjini na kibanda cha shamba, na watafiti wa malaria wa Ifakara wamelifuatilia jambo hilo kwa miaka mingi, kwa kuwa anayelala shamba ndiye aliye mbali na kinga na matibabu. Likizo ya Juni humkuta mpunga uliochelewa kupandwa ungali laini, naye hupanda dungu. Mimi ni mama yake mdogo, nakaa Morogoro mjini. Kadi yake naiandaa mimi, naiweka kwenye bahasha yenye jina la dada, nampa kondakta wa basi la Ifakara.

Kazi hii niliijua kwa kufanyiwa. Miaka ya 1980 kaka yetu mkubwa alikuwa kiwanda cha sukari, Kidatu. Barabara ya Ifakara ilikuwa ikikatika kila masika, lakini TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa na Wachina na kukabidhiwa mwaka 1976, ilipita chini ya milima ya Udzungwa mvua iwe kubwa namna gani. Kaka akipata mtu wa Kidatu anayepanda treni kuja kwetu, alimpa kanda. Juu ya karatasi yake aliandika jina langu, tarehe, na orodha ya nyimbo kwa kalamu ya wino, maandishi madogo yaliyojibana ili yatoshe.

Kaseti ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Mhandisi aliyeongoza kazi hiyo, Lou Ottens, alitaka kitu kitakachoingia kwenye mfuko wa koti, akachonga kipande cha mbao cha ukubwa huo kiwe kipimo. Ilipofika kwetu, udogo haukuwa jambo kubwa kama uwezo wake wa kunasa. Bendi zetu za dansi zilirekodi kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Sahani zilichapwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977, ukafunguliwa tena 1983. Kwa hiyo wimbo mpya wa DDC Mlimani Park, bendi iliyoanza 1978, au wa JUWATA, au wa Vijana Jazz, ulikuwa redioni tu. Ukiutaka uwe wako, ulikaa mbele ya redio kaseti na vidole viwili juu ya vitufe viwili, ukimsikiliza mtangazaji, ukavibonyeza pamoja mara tu aliponyamaza.

Ndivyo alivyofanya kaka, jioni baada ya zamu. Nyimbo nyingi kwenye kanda zangu zilianza na mkia wa sauti ya mtangazaji, jina la bendi au salamu za mtu fulani wa Newala kwa mtu fulani wa Musoma. Enzi hizo vipindi vya salamu vilikuwa vinavuta watu wengi sana. Ulituma kadi redioni ukitaja majina ya unaowasalimia na wimbo unaowachagulia, na nchi nzima ilisikia kwamba kuna mtu anakukumbuka. Kuchaguliana muziki kulikuwa ni tabia yetu kabla kaseti hazijaingia nyumba zetu. Kaka alichofanya ni kuileta ndani, kwa msikilizaji mmoja.

Hapa ndipo hesabu inapoanza, na nataka niifafanue kwa sababu ndiyo ufundi wenyewe. Kanda ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande. Wimbo wa dansi wa miaka ile haukuwa na haraka. Ulianza taratibu, mwimbaji akasimulia kisa, waitikiaji wakamjibu, kisha magitaa na saksafoni vikaingia kwenye chemko, na chemko peke yake iliweza kula nusu ya wimbo. Ukizungumzia dakika saba, nane au tisa, upande mmoja unabeba nyimbo tatu, labda nne. Kosa la wengi lilikuwa kujaza ya nne bila kupima, na utepe ukaisha katikati ya chemko, msikilizaji akabaki mguu mmoja hewani. Kaka alipima. Zikibaki dakika tatu alitafuta wimbo wa Salum Abdallah na Cuban Marimba ya Morogoro, kwa sababu nyimbo za santuri za zamani zilikuwa fupi. Upande wa sahani haukuwa na nafasi zaidi ya dakika kama tatu. Hivyo ndivyo nilivyomjua Salum Abdallah, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, kabla sijazaliwa. Kila upande wa kanda zangu ulifungwa na mtu wa kizazi cha baba yangu. Nilipokuwa mtoto nilidhani kaka anampenda kuliko wote. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba ufupi wa nyimbo ndio uliompa nafasi, na kwamba kwa kufungwa naye kila mara, nikampenda mimi.

Upande wa kwanza ulianza na Mbaraka Mwinshehe. Hilo halikuwa na mjadala. Kwa watu wa mkoa wa Morogoro, Mbaraka ni wa nyumbani: alipata jina na Morogoro Jazz, akaenda nayo Japani kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, akaanzisha Super Volcano mwaka 1973, akafa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34. Ukianza na gitaa lake, unamwambia mtoto anatoka wapi, hata kama hukutamka neno. Halafu kaka alivuka: Sikinde, yaani Mlimani Park, Msondo, yaani JUWATA, kisha Maquis, na Tancut Almasi ya Iringa, mji ulio upande wa pili wa Udzungwa, milima ileile tuliyokuwa tukiitazama kila asubuhi. Alipanga kwa namna ambayo wimbo wa majonzi haukufuatwa na mwingine wa majonzi. Wimbo mrefu aliutanguliza, mfupi ukafuata. Bendi ileile haikurudi upande huohuo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa nimeshakuwa msichana mkubwa, na kaka aliniletea kanda iliyokuwa na wimbo mmoja ambao haukuandikwa kwenye orodha. Ulikuwa mwisho kabisa wa upande B, baada ya ukimya mrefu wa utepe mtupu: "Mambo kwa Soksi" wa Remmy Ongala, wimbo unaohimiza kondomu, ambao redio ilikataa kuupiga. Alikuwa ameupata kwa rafiki mwenye dabodeki. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kufikia wakati ule tulikuwa tumeshazika watu. Kwetu kaka hakai na dada yake akamweleza mambo hayo. Adabu haimruhusu, na mimi nisingeweza kumtazama usoni. Remmy aliyasema kwa niaba yake. Sikumtajia kaka kwamba nimeusikia, naye hakuniuliza, lakini kanda iliyofuata orodha yake ilikuwa kamili hadi mwisho.

Nimeufikiria ukimya ule wa utepe kwa miaka mingi, na kwangu ndio unaoeleza kwa nini mkubwa ajipe shida ya kumpangia mdogo muziki. Undugu wetu una maneno mengi ya heshima na mambo mengi yasiyosemeka. Mjomba anaweza kumtania mpwa, bibi anaweza kumwambia mjukuu lolote, lakini baba, kaka na mama mdogo wana mipaka. Wimbo huvuka mipaka hiyo bila kuivunja, maana aliyeimba ni mtu mwingine. Mchaguzi anabaki nyuma, na anayepokea yuko huru kusikia au kutosikia. Wasomali, ambao lugha yao haikuwa na maandishi rasmi hadi mwaka 1972, walitumiana kaseti za sauti kutoka Ghuba na Ulaya kama barua, wakisema, wakilia, wakiimba ndani yake. Kanda ya nyimbo zilizochaguliwa ni barua ya aina hiyohiyo, ila mwandishi wake amejificha zaidi.

Nirudi kwenye kadi. Mtu anaweza kudhani kwamba kwa kuwa nafasi ya kadi haina mwisho, ile hesabu ya dakika 30 imekufa. Kwangu haikufa, kwa sababu ya ndege. Kwelea kwelea ndio walionipa pande mbili: asubuhi na jioni. Mchana redio inachajiwa juani na binti anakula, analala, anasoma. Basi natengeneza kadi yenye upande wa asubuhi wa saa moja na nusu na upande wa jioni wa saa moja na nusu, na sijazi zaidi ya hapo. Nafasi iliyobaki aijaze mwenyewe.

Kuna jambo la kiufundi ambalo limewaharibia wengi kazi. Nyingi ya redio hizi ndogo hazisomi majina ya nyimbo. Hazijali kama umeandika 01, 02, 03. Hupiga kwa mpangilio ambao nyimbo ziliingizwa kwenye kadi, ya kwanza kuingia ndiyo ya kwanza kupigwa. Ukihamisha zote kwa mkupuo, kompyuta inaweza kuziingiza kwa utaratibu wake, na kazi yako ya usiku kucha ikawa vurugu. Dawa ni kuifuta kadi kabisa, kisha kuingiza wimbo mmoja, ukasubiri umalize, ukaingiza wa pili. Ni kazi ya kuchosha. Nimeizoea, na inanirudisha kwenye subira ya kaka mbele ya redio: kila wimbo unapata dakika yake ya kufikiriwa kabla haujaingia.

Kati ya nyimbo naweka ukimya. Nimetengeneza faili la sekunde thelathini lisilo na kitu, na baada ya kila nyimbo mbili naliingiza. Mwamiaji anahitaji masikio. Kundi la kwelea likishuka lina mvumo wake, na bondeni mna vitu vingine vya kuvisikia mapema, viboko wakiwa mojawapo. Ndiyo sababu pia nimemkataza viziba masikio awapo juu ya dungu, na amenikubalia kwa kuwa alishaona mwenyewe.

Asubuhi hairuhusu nyimbo za kubembeleza. Mtoto ameamshwa gizani, kuna umande, kuna baridi ya ukungu unaoshuka Udzungwa, na ndege wana njaa. Namwanzia na Mbaraka, kama nilivyoanziwa, lakini siyo kwa wimbo wa maombolezo; nachagua wenye gitaa linalotembea. Kisha sikai huko. Wakubwa wengi hapa ndipo wanapompoteza mtoto: wakishashika usukani wa zilipendwa hawauachi, wakamwekea saa nzima ya ujana wao na kumsomea lawama juu yake, kwamba muziki wa siku hizi hauna ujumbe. Ukimpa kijana nyimbo ili umthibitishie kwamba zake hazifai, umempa hotuba, na hotuba anazipata za kutosha shuleni.

Kwa hiyo namtafutia daraja. Lililo bora kuliko yote ninayoyajua ni Salome. Saida Karoli alitoka Bukoba, akaimba kwa Kihaya, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 "Maria Salome" ikawafanya Watanzania wasiojua neno la Kihaya kuimba kiitikio chake harusini, sisi Wapogoro na Wandamba tukiwemo. Mwaka 2016 Diamond Platnumz akiwa na Rayvanny akaichukua na kuitengeneza upya. Binti alikuwa anaijua hiyo ya pili kwa moyo, hajui kama kuna ya kwanza. Nilimwekea Diamond kwanza, halafu Saida mara moja baada yake, bila ukimya katikati. Baadaye alinipigia simu.

"Mama mdogo, shikamoo. Huyu mama wa baada ya Diamond ni nani? Mbona kamwibia wimbo?"

"Marahaba mwanangu. Uliza vizuri, nani kaanza."

Akanyamaza kidogo. "Kumbe!" Kisha akataka nyingine zake.

Ningeanza na Saida, angeruka. Kitufe cha kusogeza mbele kiko karibu na kidole, na redio haiwezi kumzuia. Kwa kijana, kipya ndicho mlango, na cha zamani humvutia akishakikuta ndani.

Kuna utafiti mmoja unaonitia moyo katika hili. Mwaka 2013 Carol Krumhansl na Justin Zupnick wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwasikilizisha vijana wa umri wa miaka kama ishirini vipande vya nyimbo zilizovuma tangu 1955 hadi 2009. Ilishajulikana kwamba mtu hushikamana zaidi na muziki wa ujana wake. Kilichowashangaza ni kwamba vijana wale walishikamana pia na nyimbo za kipindi ambacho wazazi wao walikuwa vijana, kabla wao hawajazaliwa, na kulikuwa na mwinuko mwingine wa nyuma zaidi, wa miaka ya 1960. Maelezo yao ni ya kawaida kabisa: nyimbo hizo zilipigwa nyumbani wakati watoto wanakua. Kwa maneno mengine, muziki wa mzazi humwingia mtoto kwa kuwepo tu, sabufa ikiwa sebuleni na sufuria ikiwa jikoni. Ila nyumba iliyogawanyika kati ya mji na shamba, kama zetu, ina saa chache za kukaa pamoja na redio moja. Kadi inafidia saa hizo.

Baada ya daraja la Salome, asubuhi inaendelea na watu wa Bongo Fleva niliowasikiliza mimi nikiwa mama kijana. Kuna Afande Sele, mtoto wa Morogoro. Kuna Professor Jay na "Ndio Mzee" ya mwaka 2001, mgombea anaahidi mambo yasiyowezekana na wananchi wanaitikia. Huo naupenda kwa kuwa una historia ya kumwambia: aliyeuimba aliingia bungeni mwaka 2015 kuwa mbunge wa Mikumi, njia ileile ambayo basi lenye kadi hupita. Natamani binti ausikilize wimbo akilijua hilo, apime mwenyewe. Sijaandika popote afikirie nini. Kuna Lady Jaydee, sauti ya mwanamke aliyesimamia kazi yake mwenyewe, na huyo nimemweka palepale ambapo kaka alimweka Remmy, mwisho wa upande, baada ya ukimya mrefu kuliko mwingine. Ninayotaka kumwambia binti mwenye miaka kumi na sita juu ya kujitegemea, siwezi kuyasema kwenye simu mama yake akiwa pembeni.

Jioni ni jambo jingine. Jua limemchosha, mkono umechoka kurusha kombeo, ndege wamekuja kwa fujo, na saa za mwisho kabla ya giza ni ndefu. Hapo naanza na dansi refu, moja tu, lenye kisa cha kumshika. "Neema" ya Cosmas Chidumule na Mlimani Park imefanya kazi hiyo vizuri. Kisha kwaya, kwa sababu Ifakara ni mji wa misheni na yeye mwenyewe anaimba kanisani. Kisha naongeza mwendo kidogo kidogo hadi kwenye singeli. Singeli ilizaliwa mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese na Tandale, na mapigo yake huweza kuvuka 200 kwa dakika. Watu wa rika langu husema inaumiza kichwa. Mimi nasema mwiteni mtu wa rika langu apande dungu saa kumi na moja jioni akiwa ameamka tangu alfajiri, kisha atafute muziki mwingine utakaomfanya apige debe kwa nguvu. Muziki huu una kazi yake, kama ngoma za kulimia na za kutwangia zilivyokuwa na kazi yake.

Siwezi kupita bila kusema juu ya haki ya wanamuziki. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilileta COSOTA, chombo cha kusimamia haki hizo, na kunakili nyimbo ili kuziuza ni kuwanyang'anya watu jasho lao. Wengi wa wanamuziki wa dansi walikuwa waajiriwa wa mashirika, bendi zikiwa za vyama vya wafanyakazi, bima, kiwanda, jiji. Nyimbo zao zimetuburudisha kwa nusu karne na sehemu kubwa ya faida imekwenda kwa wengine. Nyimbo zinazouzwa kihalali nanunua, na binti nimemwambia zilipotoka. Naona ni sehemu ya orodha: jina la mwimbaji, jina la bendi, mwaka. Namwandikia kwenye karatasi, kwa mkono, na maandishi yangu nayo yamejibana.

Mtu anaweza kuniuliza kwa nini nisimwachie binti simu, maana akiwa mjini kwenye mtandao, YouTube humpangia yenyewe wimbo unaofuata bila kuchoka. Programu hiyo inajua alichosikiliza jana na wanachosikiliza wanaofanana naye. Haijui kwamba mwezi huu amegombana na rafiki yake, wala kwamba anaogopa mtihani wa kidato cha pili, wala kwamba babu yake alicheza dansi Ifakara akiwa na suruali ya bugaluu. Mimi najua. Kujua huko ndiko ninakokutia kwenye kadi, na ndiyo maana kadi ya mwaka jana haimfai tena mwaka huu.

Naye ameanza kunibadilishia utaratibu. Likizo iliyopita alinirudishia kadi kwa kondakta yuleyule, ikiwa na ujumbe kwamba upande wa asubuhi nibaki nao, lakini wa jioni ameuchukua, kwa sababu sasa anapokezana dungu na mdogo wake wa kiume, na mdogo wake hapendi nyimbo ndefu. "Mama mdogo, Sikinde inamlaza." Amempangia mwenyewe. Nimeusikiliza upande huo wote, hapa Morogoro, madirisha yakiwa wazi. Ameanza na Marioo, akaweka Zuchu, akaweka mchekeshaji anayeiga watangazaji wa mpira, jambo ambalo mimi nisingeliwaza. Katikati, kati ya Zuchu na singeli, ameweka sauti ya bibi, mama yangu, aliyoinasa kwa simu uani Ifakara: bibi anaimba sangula, ngoma ya Wapogoro, huku akipiga makofi, na nyuma yake kuna kuku na mtu anayepita na baiskeli. Ni dakika mbili na ushee. Bibi anaishia kwa kulitaja jina la kijana na kumwambia ndege wasiumalize mpunga. Halafu singeli inaingia bila ukimya wowote, na kasi ya makofi ya bibi na kasi ya singeli zimeachana mbali, lakini binti amesogeza mwanzo wa singeli mpaka pigo lake la kwanza limeangukia hasa pale ambapo kofi la bibi lililofuata lingeangukia. Nimempigia kumuuliza amefanyaje. Amesema alijaribu kwenye simu, akikata kidogo kidogo, hadi mdogo wake alipocheka.